Je, Wakristo wa Mwanzo Walikuwa Kikundi Potofu?



Leo sina kitambaa kipya cha kuwaonesha wala mshono wa kuwasifia. Nina jambo lililotokea kwenye chumba changu cha kushonea, nimelibeba moyoni wiki nyingi, na leo nalitua.

Siku hiyo nilikuwa na mabibi harusi wawili, kila mmoja kaja na mama zake na mashangazi, wanasubiri kupimwa. Mazungumzo yakafika Shakahola. Mnaikumbuka, ule msitu wa Kilifi, Kenya, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili, ikapindukia 400, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakamuone Yesu. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Mama mmoja akasema, "Mnastaajabu nini? Hata huo Ukristo wenyewe ulianza vivi hivi, watu wanajificha usiku, wanafanya mambo yao." Watu wakacheka.

Kwenye cherehani ya pembeni alikuwepo binti ninayefanya naye kazi, Mkristo kutoka bara, ndiye anayenipigia mapindo na kutia vifungo. Hakuinua uso. Na mimi mwenye nyumba sikusema kitu.

Walipoondoka, mmoja wa wale mabibi harusi akarudi peke yake, kajifanya kasahau mtandio. Akaninong'oneza, "Dada, hivi mtu utajuaje kama kikundi kimepotoka? Mchumba wangu yuko na wenzake wana darsa yao. Wameshamwambia nikishaolewa nisiende kwa mama mpaka wao waniruhusu."

Nikakosa jibu la huyu, na jibu la yule mama pia sikuwa nalo. Mimi nimeishia sekondari na chuo cha ushonaji, sina digrii ya historia. Lakini kusoma ninajua, na usiku mrefu. Nikaamua niyasome yote mawili kwa pamoja: Wakristo wa mwanzo walikuwa kikundi potofu au la, na kikundi potofu hupimwa kwa nini.

Tuanze na walioshitaki

Wakristo wa mwanzo waliishi chini ya dola ya Kirumi. Kwa Warumi, dini nzuri ilikuwa dini ya zamani. Wayahudi walikuwa hawaabudu miungu ya Roma, lakini waliachiwa kwa sababu dini yao ni ya mababu. Wakristo walikuwa wapya, na upya peke yake ulikuwa shitaka.

Mwaka 64 mji wa Roma uliungua vibaya. Watu wakanong'ona kwamba Mfalme Nero mwenyewe ndiye aliyewasha. Nero akatafuta wa kumtwisha, akawapata Wakristo. Mwanahistoria Tacitus, aliyeandika miaka kama 50 baadaye, anasimulia walivyovikwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, na wengine wakachomwa moto ili wawe taa za usiku. Tacitus mwenyewe hakuwapenda hata kidogo, imani yao aliiona ni uchafu ulioingia mjini. Lakini hata yeye anaonesha kwamba waliadhibiwa kwa kuwa watu waliwachukia, si kwa sababu walionekana na kiberiti mkononi.

Baada ya hapo maneno yakazidi. Ikasemwa kwamba mtu akitaka kujiunga nao huletewa mtoto mchanga aliyefunikwa unga, ampige bila kujua, kisha wote wamle. Ikasemwa kwamba baada ya chakula humfunga mbwa kwenye taa, wakamrushia kipande cha nyama ili aruke, taa ianguke, giza liingie, na kila mtu amshike aliye karibu naye, hata kama ni dada yake.

Ukitazama, utaona maneno haya yalikatwa kwenye kitambaa gani. Wakristo walikuwa wanaitana ndugu na dada hata kati ya mume na mke, jirani akasikia akafasiri anavyotaka. Walikuwa wanakula mkate na kunywa divai wakisema ni mwili na damu, jirani akasikia akafasiri anavyotaka. Na kwa kuwa hawakumkaribisha mgeni kwenye chakula kile, hakuna aliyeweza kusema, "Mimi nilikuwepo, si kweli."

Gavana aliyeamua kuuliza

Karibu na mwaka 112 gavana mmoja aitwaye Plinius alikuwa anatawala Bithynia na Ponto, kaskazini ya nchi tunayoiita leo Uturuki. Akaletewa Wakristo, hajui awafanyeje. Waliokiri aliwauliza mara tatu, waliong'ang'ania aliamuru wauawe. Kisha akamwandikia Mfalme Trajanus barua kuomba ushauri, na barua hiyo ipo mpaka leo.

Ninachoipendea barua hii ni kwamba Plinius aliwahoji watu waliokwishaacha Ukristo. Wengine walitoka miaka mitatu nyuma, wengine zaidi, mmoja mmoja hata miaka 20. Watu wa namna hii ndio wa kuwauliza, kwani aliyetoka hana sababu ya kuficha. Walimwambia kwamba walikuwa wakikutana siku maalumu kabla ya alfajiri, wakimwimbia Kristo kama mungu, na wakila kiapo. Kiapo cha nini? Cha kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutokana amana wakidaiwa. Baadaye wakikutana tena kula chakula, na kilikuwa chakula cha kawaida kisicho na madhara.

Plinius hakuridhika. Akawachukua watumwa wawili wanawake, ambao wenzao waliwaita wahudumu, akaamuru wateswe ili waseme ukweli. Majina yao hakuyaandika. Hakupata kitu kwao ila kile alichokiita imani ya ovyo iliyopita kiasi. Nimewafikiria sana wanawake hawa wawili. Ushahidi wao ndio uliowasafisha wenzao na tuhuma za kula watoto, na waliutoa kwa mwili wao.

Jengine katika barua ile ni biashara, na mfanyabiashara mwenzangu utalielewa haraka. Plinius anamwambia mfalme kwamba mahekalu yalikuwa karibu yahamwe, na nyama ya wanyama wa kafara ilikuwa haipati wanunuzi, lakini sasa soko limeanza kurudi. Na kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia fujo za Efeso, zilizoanzishwa na mfua fedha aliyekuwa akitengeneza vihekalu vya mungu wa kike Artemi. Aliona riziki yake inakwenda. Kwa hivyo ukisikia kikundi kinaitwa potofu, angalia pia nani kapoteza wateja.

Na dola nayo ilikuwa na hofu zake. Trajanus huyo huyo aliwahi kuombwa na Plinius ruhusa ya kuunda chama cha wazima moto 150 tu huko Nikomedia, baada ya mji kuungua. Akakataa, kwa kusema watu wakijikusanya, kwa jina lolote lile, hugeuka kuwa siasa. Mfalme anayeogopa wazima moto atawaacha watu wanaokutana kabla ya alfajiri?

Sasa tuchukue futi tupime

Huwezi kumkatia mtu gauni kwa kusikia habari za kiuno chake kwa jirani. Lazima umpime mwenyewe. Nimeweka vipimo vinne, kwa nilivyoviona Shakahola na kwa alivyonambia yule bibi harusi.

Kipimo cha kwanza, kiongozi anakula nini? Katika vikundi potofu mali hupanda juu na haishuki. Wakristo wa mwanzo wana kitabu kidogo cha mafunzo kiitwacho Didache, ambacho wataalamu wengi wanakiweka mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa karne ya pili. Humo wanafundishwa hivi: mtume mgeni akija, mpokeeni, akae siku moja, mbili ikibidi. Akikaa tatu, huyo ni mwongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani, na akiomba pesa, huyo ni mwongo. Kwa hiyo walafi walikuwepo, na kinga ilikuwepo.

Kinga haikufaa kila siku. Mwandishi Lucianus, aliyekuwa akiwacheka Wakristo, ameandika habari za Peregrinus, tapeli aliyejipenyeza kwao akawa mkubwa wao. Alipofungwa, wajane wazee na mayatima walikuwa mlangoni mwa gereza tangu asubuhi, wakamletea vyakula, na yeye akapata fedha nyingi kwa jina la kifungo. Baadaye waliokuwa wakimlisha walimfukuza kwa kuvunja miiko yao. Waliibiwa kwa wema wao, lakini walipogundua waliweza kumtoa. Palipo na kikundi potofu hasa, kiongozi hatoki, wanatolewa wanaouliza.

Pesa nyingine zilikwenda wapi? Tertullianus wa Karthago, mwishoni mwa karne ya pili, anasema kila mtu alitoa kwa hiari, akiweza na akitaka, na fedha zilikwenda kuwalisha na kuwazika maskini, kuwatunza mayatima, watumwa wazee na waliovunjikiwa na vyombo baharini. Mwaka 251 kanisa la mji wa Roma lilikuwa linawatunza wajane na wenye shida zaidi ya 1500.

Kipimo cha pili, familia. Hapa sitawapendelea. Injili ina maneno makali ya Yesu juu ya kumweka yeye mbele ya baba na mama, na yalivunja nyumba kweli. Mwaka 203 huko Karthago, Tunisia ya leo, alifungwa mwanamke wa miaka kama 22, Perpetua, msomi wa ukoo mzuri, ana mtoto anayenyonya. Aliandika mwenyewe habari za kifungo chake, jambo la nadra kwa mwanamke wa zama zile. Baba yake alikuja gerezani mara kwa mara, akambusu mikono, akajitupa miguuni pake, amuonee huruma na mvi zake na mtoto. Perpetua akakataa kutoa kafara. Pamoja naye alikuwepo Felicitas, mtumwa mwenye mimba ya miezi minane, akajifungulia gerezani, mtoto akachukuliwa na dada mmoja wa imani yao kulelewa. Wote wawili waliuawa uwanjani mbele ya watazamaji.

Mimi ni mama, na ukurasa ule niliusoma kwa shida. Ungeniuliza kama baba yake, ningesema mwanangu kapumbazwa. Lakini nikajiuliza, nani alimtenga mama na mtoto wake pale? Wenzake walihonga askari ili wapate kuhamishiwa sehemu nafuu ya gereza, na humo akamnyonyesha mwanawe. Mlango wa gereza ulikuwa wa serikali.

Na barua ya Paulo kwa Wakorintho inamwambia mwanamke ambaye mumewe si mwamini kwamba, mume akiridhia kukaa naye, asimwache. Kwa hiyo msimamo wa walimu haukuwa kuvunja ndoa, ijapokuwa ndoa zilivunjika.

Kipimo cha tatu, nani wanaitwa? Celsus, mwanafalsafa aliyeandika karibu na mwaka 178, aliwakejeli kwamba wanawavuta wajinga, watumwa, wanawake na watoto. Akawataja wasokota sufi, washona viatu na wafua nguo, ati wanaingia majumbani kuwafundisha watoto na wanawake kutowasikiliza baba zao na walimu wao, na kuwapeleka kwenye duka la fundi wakasikie elimu kamili. Dada zangu, nilicheka peke yangu usiku ule. Kumbe tangu zama hizo mafundi tunaogopwa! Na kweli, katika Matendo ya Mitume wamo watu wa kazi yetu: Paulo fundi wa mahema, Lidia muuza vitambaa vya zambarau, na Tabitha wa Yafa aliyewashonea wajane kanzu.

Lakini tusicheke tukapitiliza. Celsus ana hoja. Kikundi potofu kweli huanza na mnyonge, kwa sababu mnyonge ana kiu. La kuuliza ni anapewa nini akishafika. Katika dunia ya Kirumi mtoto asiyetakiwa alitupwa, na wa kike ndiye aliyetupwa zaidi. Ipo barua ya Misri ya mwaka wa 1 kabla ya Masihi, mume anamwandikia mkewe mjamzito kwamba akizaa wa kiume amweke, akizaa wa kike amtupe. Inatukumbusha Waarabu wa jahiliyya na mabinti waliozikwa hai. Wakristo walikataza kutupa watoto. Mwanamke aliyekwenda kwao alikuta binti yake ana haki ya kuishi.

Kipimo cha nne, mlango wa kutokea. Hiki ndicho ninachokiona kizito kuliko vyote. Shakahola watu waliotaka kutoka walizuiwa. Lakini wale waliohojiwa na Plinius walitoka, wengine wakakaa hata miaka 20 wakiendelea na maisha yao. Mwaka 250 Mfalme Decius alipoamuru kila mtu atoe kafara kwa miungu na apewe cheti, Wakristo wengi walitoa, wengine walinunua cheti cha uongo. Vyeti zaidi ya 40 vimepatikana Misri. Baadaye wengi walitaka kurudi, na maaskofu wakabishana wapokewe vipi. Kulikuwa na toba ndefu na aibu. Lakini mzozo ulikuwa namna ya kuwarudisha, hakuna aliyetumwa kuwawinda. Na Decius huyo tunamjua kwa njia yetu, kwani wafasiri wetu wengi humtaja Daqyanus kuwa ndiye mfalme waliyemkimbia vijana wa pangoni, As-haabul Kahf.

Jibu langu

Kwa vipimo vyangu, wale watu wa miaka mia tatu ya mwanzo hawakuwa kikundi potofu kwa maana ya Shakahola. Tunatofautiana nao katika itikadi, na itikadi yetu juu ya Nabii Issa (A.S.) inajulikana, siijadili hapa. Lakini kutofautiana na mtu hakukupi ruhusa ya kumzulia kuwa anakula watoto. Walikuwa dini mpya, wadogo, wenye siri kiasi, wenye watu wakali ndani yao, na waliopewa jina baya na wenye nguvu.

Kisha yakaja ya kuhuzunisha. Mwaka 313 Constantinus na mwenzake Licinius waliwapa uhuru wa kuabudu. Mwaka 380 Mfalme Theodosius akatangaza imani yao kuwa dini ya dola. Na karibu na mwaka 385 huko Trier, Ujerumani ya leo, askofu Priscillianus alihukumiwa na mfalme Mkristo, kwa mashitaka yaliyoletwa na maaskofu wenzake, akauawa pamoja na wafuasi wake, mmoja wao mjane aitwaye Euchrotia. Shitaka lilikuwa nini? Uchawi, mikutano ya usiku na wanawake, na kusali uchi. Maneno yale yale ya jirani wa zamani, safari hii midomoni mwa wajukuu wa walioteswa kwa ajili yake. Namshukuru Martinus, askofu wa Tours, aliyepinga damu ile.

Na sisi je? Mtume wetu (S.A.W.) na masahaba zake walikutana kwa siri katika nyumba ya Arqam. Makureshi walisema anatenganisha baba na mwana, walimwita mchawi. Bibi Sumayya aliuawa kwa hilo. Waliohamia Uhabeshi, karibu na mwaka 615, walifuatwa na wajumbe wa Makka na zawadi za ngozi, wakamwambia Najashi kwamba hawa wameacha dini ya watu wao na wameleta dini mpya, warudishwe. Najashi alikuwa mfalme Mkristo. Alisema hawatoi mpaka awasikie. Ja'far bin Abi Talib akasimama akaeleza, akamsomea mwanzo wa Surat Maryam, na Najashi akalia. Tumefika hapa tulipo kwa sababu mtu mmoja hakukubali maneno ya jirani peke yake.

Kwa hivyo kwa yule mama, nimemwambia alipokuja kuchukua gauni. Alinuna kidogo, akasema "haya mwalimu," lakini akamsalimia yule binti. Na binti nilimuomba radhi. Aliniambia, "Nimezoea, dada." Neno hilo limenichoma kuliko kicheko.

Na kwa bibi harusi wangu aliyesahau mtandio: usikiogope kikundi kwa kuwa ni kipya au kidogo, au kwa kuwa kinasali sana. Uliza nani anakula, nani anaulizwa akajibu, mama yako anaingia, na ukitaka kutoka mlango uko wapi. Kuunga undugu ni amri ya dini yetu, hakuna darsa yenye haki ya kukukatia. Muulize mchumba wako kabla ya nikaha, mbele ya walii wako, sio baada. Gauni lako lipo tayari, nimelitundika. Likisubiri miezi miwili zaidi halitaharibika.

Allah atuongoze sote. Maa salaama.